Binti Anapochagua Kazi ya Kwanza

HUTUBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kugawa riziki kwa hekima Yake, akampa huyu kwa wasaa na yule kwa kipimo, na wote wawili akawatia katika mtihani. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila mwenye kuufuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni nyinyi pamoja na kuiusia nafsi yangu tumche Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani hakika amekwisha kufuzu mwenye kumcha.

Ndugu Waislamu, mliohudhuria hapa na mnaotusikiliza majumbani, leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona vibarazani lakini husita kulitaja juu ya mimbari. Ni habari ya binti aliyemaliza shule, au aliyeiacha njiani, anayetoka kijijini kwenda mjini kutafuta kazi yake ya kwanza. Na mlango wa mwanzo anaoukuta wazi ni mlango wa baa. Wengi wetu tunamjua binti wa namna hii. Wengine tumemlipia nauli. Wachache tu ndio waliomwuliza anakwenda kufanya kazi gani, kwa nani na kwa masharti gani. Basi kauli yetu ya leo ni fupi: mahali pa kazi huchunguzwa kabla ya nauli, wala si baada yake, na wa kwanza kuulizwa juu ya uchunguzi huo ni sisi tunaomtuma.

Tuitazame nchi yetu hii ya Njombe. Mji wa Makambako umekaa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Iringa hupita hapo kwenda Mbeya na Tunduma, mpakani mwa Zambia; na hapo hapo hugawanyika barabara ya kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, nayo ina stesheni yake Makambako. Mwenyezi Mungu ameufanya mji huo kuwa mlango wa riziki nyingi za halali. Mahindi na viazi hushuka na kupanda magari, mbao hupita, mafundi wa magari wana kazi, na wapika chakula wana wateja usiku na mchana. Lakini mahali ambapo madereva na wafanyabiashara hulala mbali na wake zao, fedha zikiwa mifukoni, hapakosi watu wa kuufanya upweke wao kuwa biashara. Ndiyo maana kando ya maegesho ya malori baa na nyumba za wageni zimepangana ukuta kwa ukuta, na kila moja inatafuta sura mpya ya kusimamisha mlangoni.

Sura hiyo mpya hutoka vijijini. Hutoka Wanging'ombe, Makete na Ludewa, hutoka Lupembe, na hutoka mikoa ya jirani. Huja kwa ujumbe wa simu usemao kwamba ipo kazi hotelini, nauli italetwa. Hebu tulitazame neno hilo "hoteli". Katika lugha yetu hoteli ni mahali pa chai na chapati, tena ni mahali pa vitanda, na wengine huliita hoteli hata jengo ambalo biashara yake ni pombe tupu. Basi mzazi akisikia "hoteli" moyo wake hutulia, hali hajajua lolote. Na auulize mlango unafunguliwa saa ngapi. Hoteli inayofunguliwa alfajiri kwa maandazi na supu ina habari yake. Na ile inayoamka jua linapotua ina habari nyingine.

Ndugu zangu katika imani, hukumu ya pombe tunaijua. Mtume (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah, hakumlaani mnywaji peke yake, amewataja watu kumi wanaohusika na kinywaji hicho, tangu anayekamua mpaka anayekibeba, anayekiuza, anayekinywesha na anayekula thamani yake. Anayenywesha yumo katika hesabu. Kwa hiyo Mwislamu haulizi ni baa ipi iliyo bora ya kuanzia kazi. Baa si mahali pa kuchagua kwa mtu mwenye njia nyingine. Hili tunalisema wazi bila ya kuficha. Lakini mwenye kusema haramu bila kuonyesha halali iko wapi, na bila kusimama na yule ambaye dhiki imekwisha kumtia ndani, amefanya nusu ya wajibu wake. Na nusu iliyobaki ataulizwa.

Tumrejee Mwenyezi Mungu katika Kitabu Chake. Sura ya Al-Qasas inatusimulia kuwa Nabii Musa (A.S.), alipoikimbia Misri, aliyafikia maji ya Madyan, akakuta kundi la wachungaji wakinywesha wanyama wao, na pembeni wasichana wawili wakiwazuia wa kwao wasikaribie. Akawauliza wana jambo gani. Wakamweleza kuwa hawawezi kunywesha mpaka wachungaji wale waondoke, na kwamba baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea, kisha akaenda zake kivulini bila kudai chochote. Baadaye mmoja wao akamjia kwa haya, akamwita kwa baba yake ili alipwe. Kisha mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri mtu yule, kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Ndipo mzee akaweka mapatano: miaka minane, na kama Musa atatimiza kumi ni kwa hiari yake, na akamhakikishia kuwa hataki kumtaabisha.

Tazameni, ndugu Waislamu, mafunzo yaliyomo. Mabinti wale walitoka kufanya kazi kwa sababu nyumbani palikuwa na haja, na Kitabu hakikuwalaumu. Mwanamume aliyewakuta katika haja hakuigeuza haja yao kuwa faida yake. Na mwajiri alitaja muda na malipo mbele ya shahidi Aliye bora kuliko wote, kabla kazi haijaanza. Kutokana na kisa hiki tunaweza kupata maswali manne ambayo kila nyumba inapaswa kuyauliza kabla binti hajapanda basi.

Swali la kwanza: mahali hapo panauzwa nini? Asiulizwe mwenye kuleta nauli peke yake. Kila mji una Waislamu, una misikiti, una jamaa wa mbali. Mtu mmoja atumwe apite mahali hapo mchana, kisha apite tena usiku. Shilingi chache za nauli ya mtu huyo ni sadaka kubwa kuliko kilio cha baadaye.

Swali la pili: mshahara wake unatoka mkononi mwa nani? Kazi ya halali humlipa mfanyakazi kutoka mkononi mwa mwajiri, kwa kiasi kilichotajwa. Baa nyingi humpa mhudumu kijishahara kisichotosha hata chumba, kisha humwachia aitafute riziki yake kwa wateja. Huambiwa akae mezani, ashawishi mteja anunue zaidi, apokee chupa anayonunuliwa. Hapo mwajiri amekwisha kusema, bila kutamka, kwamba bidhaa inayouzwa ni binti mwenyewe. Mtume (S.A.W.) ametuagiza kumpa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na katika hadithi ya Bukhari, Mwenyezi Mungu amejitangaza kuwa hasimu, Siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenzake, akaitimiza kazi kwake, kisha asimpe haki yake.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Saa za kawaida za kazi kwa juma hazizidi 45. Anayefanya kazi usiku, baina ya saa 2 usiku na saa 12 alfajiri, anastahili nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Na ile desturi ya kumkata mhudumu kwa kila glasi iliyovunjika na kila mlevi aliyetoroka bila kulipa, sheria imeiwekea mipaka: hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kujitetea, wala makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Ni wasichana wangapi wanaojua haya? Na sisi wenye kusoma, ni wangapi tumewaeleza?

Swali la tatu: atalala wapi? Binti anayelala katika chumba cha nyuma ya kaunta, ambacho ufunguo wake uko kwa meneja, hana mahali pa kusema "kazi yangu imekwisha kwa leo." Kulala kwake na kazi yake vimekuwa kitu kimoja. Afadhali mshahara mdogo pamoja na kitanda kwa shangazi au kwa jirani mwaminifu, kuliko mshahara wa ahadi pamoja na chumba kisicho na komeo la ndani.

Swali la nne: akitaka kuondoka, ataondokaje? Mwajiri aliyelipa nauli huandika deni. Huongeza sare, huongeza chakula, huongeza kreti lililopotea. Na mwezi wa kwanza hauishi ila binti anadaiwa zaidi ya anavyodai. Kitambulisho chake kimewekwa droo ya mwenye nyumba, na simu yake pia. Jamani, hii ndiyo kamba. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina sheria dhidi ya biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu, na kumsafirisha mtu kwa hadaa ili atumiwe kinyume cha hiari yake ni kosa hata kama hakuvuka mpaka wowote. Kutoka kijijini mpaka Makambako panatosha. Basi nauli ya kwenda ilipwe na nyumbani, hata kwa kuuza kuku. Na nauli ya kurudi ashonewe ndani ya nguo yake, pasiwepo wa kuijua.

Na ikiwa binti hajatimiza miaka 18, maswali yote haya hayana nafasi, kwani mlango umefungwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, na inazitaja baa na mahali pa starehe miongoni mwa kazi za hatari kwake. Anayemjua mtoto aliyewekwa huko asinyamaze; apige simu namba 116, au aende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi.

Enyi Waislamu, sisemi haya kwa kutia watu hofu ya bure. Mkoa wetu, uliotangazwa rasmi mwaka 2012, umebeba mzigo mzito wa maradhi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011 na 2012, watu wenye virusi vya Ukimwi katika Njombe walikuwa asilimia 14.8 ya walio na umri wa miaka 15 hadi 49, hali nchi nzima ilikuwa kama asilimia 5. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023, miongoni mwa watu wazima, Njombe ilikuwa na asilimia 12.7, na nchi nzima asilimia 4.4. Ukifuata barabara hiyo hiyo mpaka mkoa wa Mbeya, watafiti waliwapima wahudumu wa baa 600 mwaka 2000, wakati dawa zilikuwa bado hazijawafikia watu wa kawaida. Waliokuwa na virusi walikuwa asilimia 68. Yaani katika kila wasichana watatu waliosimama na sinia mkononi, wawili. Nao hawakuzaliwa nayo hayo, walikuja kazini.

Wala pasiwepo wa kuichukua hesabu hiyo akamdharau mgonjwa. Mwenye virusi ni ndugu yetu, na ugonjwa si hukumu ya mja juu ya mja. Leo dawa zinatolewa bila malipo katika hospitali za Serikali, na mwenye kuzitumia sawasawa huishi maisha yake, akazaa na kulea. Na msichana aliyeshikwa kwa nguvu aende hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwani ipo dawa ya kuzuia virusi kwa anayewahi. Asingoje kuoga, asingoje kuona haya, asingoje ruhusa ya meneja.

Sasa tujiulize sisi wanaume. Baa haiendeshwi na mhudumu. Inaendeshwa na mfuko wa anayekwenda. Dereva Mwislamu anayesali Adhuhuri Iringa, na usiku akaegesha Makambako penye taa nyekundu, ndiye anayelipa mshahara ule tunaoulaani. Mwislamu aliyejenga nyumba ya wageni, akaukodisha upande wa mbele kwa mwuza pombe, kisha akasema yeye ni mwenye nyumba tu, na aikumbuke hadithi ya watu kumi. Na baba anayepokea fedha kutoka mjini kila mwezi bila kuuliza zimepatikanaje, huku akimwita mwanawe mpotevu mbele ya majirani, huyo amekula mara mbili.

Nasema kauli yangu hii, na ninamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

HUTUBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Wake.

Ndugu Waislamu, huenda miongoni mwa wanaotusikiliza yumo ambaye tayari yuko huko tunakokutaja. Amelala mchana kwa sababu amefanya kazi usiku, na redio ya chumba cha jirani inamletea sauti yetu. Kwako wewe, binti yetu, tunasema hivi. Zamani Madina palikuwa na Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki, aliyekuwa na vijakazi wake akiwalazimisha kuuza miili yao ili yeye apate fedha. Wao walichukia, wakalalamika; na wanavyuoni wanatueleza kuwa kwa sababu yao iliteremka Aya katika Sura ya An-Nur, ikimkataza mtu kuwalazimisha vijakazi wake uovu kwa kutaka mali ya dunia, na ikaeleza kwamba baada ya kulazimishwa kwao Mwenyezi Mungu ni Msamehevu, Mwenye kurehemu. Tazama utukufu wa jambo hili. Wajakazi wasio na ukoo wala mtetezi walilia, na kilio chao kikajibiwa kutoka juu ya mbingu saba. Aliyewasikia hao anakusikia nawe. Njia ya kurudi ipo, na hatua ya kwanza ni kumwambia mtu mmoja unayemwamini mahali ulipo.

Nasi tulio majumbani, tuifanye njia hiyo iwe ya kweli. Binti akirudi, asikutane na fimbo mlangoni. Mtoto wake asifukuzwe madrasa kwa jina la mama yake. Katika mafungu manane ya Zaka limo fungu la wenye madeni; basi kamati ya msikiti ikimkuta msichana aliyefungwa na deni la nauli na kreti, na itumie fungu hilo kumkomboa, kisha imsaidie kudai mshahara wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na kwa wale ambao bado hawajaondoka, tuionyeshe halali kwa mkono. Ipo kazi ya cherehani, ipo mama lishe mwenye jiko safi, ipo kazi ya kuchambua viazi na kupanga parachichi, vipo vyuo vya ufundi stadi na vyuo vya maendeleo ya wananchi. Jumuiya ya akina mama wa msikiti inaweza kumpokea binti mgeni mjini kwa juma mbili tu, akapata pa kulala huku akitafuta. Juma mbili hizo ndizo zinazompa nguvu ya kusema hapana. Mwenye njaa na asiye na pa kulala hachagui kazi. Kazi ndiyo inayomchagua yeye.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Akambashiria mwenye kuwalea mabinti wawili mpaka wakakua kwamba atakuwa karibu naye Siku ya Kiyama, akaviunganisha vidole vyake kuonyesha ukaribu huo. Na malezi hayaishii mwana anapomaliza shule. Safari ya kwenda kazini kwa mara ya kwanza imo ndani ya malezi.

Ewe Mola wetu, wape vijana wetu riziki ya halali iliyo karibu na nyumbani. Walinde mabinti zetu walioko njiani, na walioko katika miji wasikokuwa na jamaa. Walioingia katika dhiki, wafungulie njia. Wagonjwa wetu, waponye. Wenye kuwadhulumu wafanyakazi wao, waongoze watubu, na wakikataa, uwazuie mkono. Tupe sisi macho ya kuona kabla ya kutuma, na vifua vipana vya kupokea anayerudi. Utusamehe sisi na wazazi wetu, walio hai na waliotangulia.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mkumbukeni Mola wenu naye atakukumbukeni, na mshukuruni kwa neema Zake atakuzidishieni. Simamisheni Sala.